Disketi zangu za mwaka 1990 bado zinasomeka: tulivyotunza mafaili kwenye kompyuta isiyo na diski ngumu

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita nilikuwa napanga kabati nikakuta kasha la disketi zangu za kazini. Zipo 11, za inchi tano na robo, zile nyembamba zinazopinda ukizishika vibaya. Mwanangu akazipeleka kwa rafiki yake mwenye draivu ya kuzisoma, na tisa zimefunguka. Mojawapo ina barua ya kuombea tairi za gari la ofisi, niliichapa Machi 1990. Nimeisoma neno kwa neno. Simu yangu ya mwaka juzi ilizama na picha zote za msiba wa mama yangu, lakini barua ya tairi ipo. Sitaki mtu aniambie ni bahati, kwa sababu tulizihangaikia zile disketi kila siku ya kazi, na nataka niwaeleze tulivyozihangaikia.

Nilianza kama mpiga chapa, nikaja kuwa katibu muhtasi, ofisi moja hapa Dar. Mpaka 1988 kazi yangu ilikuwa taipureta, karboni na stensili. Nchi yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo wengi wetu siku mashine inaletwa ofisini ndiyo kwanza tunaiona. Ilikuwa ya aina ya IBM PC, ile ya kuiga, draivu mbili mbele, A kushoto na B kulia. Diski ngumu haikuwa nayo.

Vijana, hapo naomba mtulie kidogo. Mashine ikizimwa, ndani hakibaki kitu. Hata DOS yenyewe, programu inayoiendesha mashine, ilikuwa kwenye disketi. Asubuhi unaingiza disketi ya DOS kwenye A, unageuza kikomeo, unawasha, draivu inakoroma, inakuuliza tarehe, inakuuliza saa. Ukimaliza unatoa DOS, unaingiza WordStar, programu yetu ya kuchapia, na disketi ya kazi inakaa B. Ukitoka kwenye WordStar mashine inadai urudishe disketi yenye COMMAND.COM, faili la DOS linalopokea amri zako. Tulibadilisha badilisha mpaka aliyetufundisha akatuonyesha kufomati disketi ya programu kwa FORMAT /S, ili COMMAND.COM iwe humo humo. Siku ile nilishusha pumzi.

Sasa ukubwa. Disketi yetu ilikuwa na nyuso mbili, kila uso njia 40 za mviringo, kila njia vipande 9, kila kipande baiti 512. Zidisha: baiti 368,640, ndiyo kilobaiti 360. DOS inachukua kidogo kwa ajili ya orodha zake, unabaki na baiti 362,496. Picha moja ya simu unayosomea uzi huu haiingii humo. Na kuna kikomo kingine ambacho wengi hawakijui: saraka kuu ya disketi ile, yaani orodha ya majina ya mafaili, ilipokea majina 112, basi. Barua zetu zilikuwa fupi, na WordStar kila unapohifadhi inaacha nakala ya zamani yenye mkia .BAK, ambayo nayo inahesabiwa. Kwa hiyo ukifika barua 56 orodha imejaa, na disketi bado ina nafasi tele. Mara ya kwanza tulidhani disketi ni mbovu.

Kwa faili kubwa ilikuwa kinyume chake. WordStar inapohifadhi inaandika kwanza faili jipya la muda, mkia wake .$$$, huku lile la awali lipo na .BAK ya zamani ipo. Yaani kuna dakika disketi imebeba kitu kimoja mara tatu. Nilikuwa nachapa taarifa ya mwaka, imefika kama kilobaiti 130, saa kumi jioni, bosi amesimama mlangoni na koti mkononi. Nabonyeza ^KS (Ctrl na K, kisha S), amri ya kuhifadhi, mashine inasema disketi imejaa. Kazi ya siku nzima iko kwenye kumbukumbu tu, umeme ukikatika imekwenda. Kilichoniokoa ni ^KJ, inayofuta faili lingine bila kutoka kwenye hili uliloshika. Nikafuta .BAK mbili, nikabonyeza tena ^KS, taa nyekundu ya B ikawaka, na nikaikodolea macho mpaka ikazima. Tangu hapo taarifa ndefu nilizigawa: sura moja, faili moja.

Naendelea, msiniwahi.

#2 Mleta uzi

MAJINA. DOS ilikupa herufi nane, nukta, halafu tatu. Wenzangu wengi waliandika BARUA1, BARUA2, BARUAMPY. Baada ya miezi sita hakuna anayejua BARUAMPY ni mpya kuliko ipi.

Mimi nilishika utaratibu mmoja sikuubadilisha: herufi tatu za aina ya kazi, tarakimu nne za mwaka na mwezi, herufi moja ya mfuatano. MUH9006A ni muhtasari wa kikao, mwaka 90, mwezi wa 6, cha kwanza. BAR9003C ni barua ya tatu ya Machi 90. Mwaka unatangulia mwezi kwa sababu ukiyapanga kwa amri ya SORT yanajipanga kwa wakati. DIR, amri ya kuonyesha orodha ya mafaili, peke yake ilikuwa haipangi, inakuletea yalivyoandikwa kwenye saraka.

Kila Ijumaa nilitoa orodha ya kila disketi kwenye printa, DIR B: > PRN, nikakata ile karatasi, nikaikunja na kuitia kwenye bahasha ya disketi. Ukitafuta faili unasoma karatasi, huihangaishi disketi. Karatasi zile bado zimo kwenye kasha, wino umepauka lakini unasomeka.

KIBANDIKO. Hapa ndipo ningependa kila mtu aelewe. Ubavuni mwa disketi ya inchi tano na robo kuna pengo dogo la mraba. Ukiliziba kwa kibandiko, draivu haiwezi kuandika wala kufuta. (Zile ngumu za inchi tatu na nusu ni kinyume: kidirisha kikiwa WAZI ndipo imefungwa. Watu wameharibu kazi kwa kuchanganya hayo mawili.) Kuna siku mwenzangu alikuwa ananakili disketi kwa DISKCOPY A: B:. Mashine inakwambia weka ya chanzo kwenye A na ya kupokea kwenye B. Alizipishanisha. DISKCOPY haiulizi iliyomo ni kitu gani, inamimina tu. Ikamimina disketi tupu juu ya orodha ya mishahara. Nilimwona akikaa chini sakafuni. Tulichapa upya kutoka kwenye karatasi, siku nne, tukipokezana, na tangu siku ile hakuna aliyenakili kabla ya kuziba pengo la chanzo. Kibandiko kikiwepo, ukizipishanisha mashine inakataa kuandika, unazibadilisha, maisha yanaendelea.

BABU, BABA, MWANA. Kila kazi muhimu ilikuwa na disketi tatu za zamu. Leo unahifadhi kwenye mwana. Kesho unachukua ile kongwe kuliko zote, babu, unanakili juu yake, naye anakuwa mwana. Wa jana anakuwa baba, wa juzi anakuwa babu. Ukigundua leo kwamba faili liliharibika tangu jana, bado unaye wa juzi. Babu hakukaa ofisini. Alikwenda kwenye sefu ya jengo la pili. Wizi na moto havichagui disketi, na nakala iliyo kwenye droo moja na mama yake sikuwahi kuihesabu kuwa nakala.

Na nakala usipoifungua huijui. Nilikuwa nachagua faili moja kila Jumatatu, naliita kutoka kwenye nakala, nasoma ukurasa wa mwisho.

#3 Kijana wa Mwanza

Mama shikamoo. Swali: kwa nini hamkutumia folda? Na mkifuta kitu kwa bahati mbaya ilikuwaje, maana hakukuwa na Recycle Bin?

#4 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Folda zilikuwepo tangu DOS 2.0 ya mwaka 1983, kwa amri ya MKDIR. DOS ya kwanza ya 1981 haikuwa nazo kabisa. Sisi kwenye disketi hatukuzihitaji sana, kila disketi ilikuwa ndiyo folda. Ya barua rangi ya bluu, ya mihtasari nyekundu.

Kufuta: amri ya DEL inapofuta faili haigusi maneno yenyewe. Inabadilisha herufi ya kwanza ya jina kwenye saraka na kuachia vile vipande kwamba viko wazi. Maneno yanabaki palepale mpaka uandike kitu kingine juu. Kwa hiyo ukifuta kwa makosa, toa disketi HAPO HAPO, usiandike chochote. Tulikuwa na Norton Utilities, programu ya kuokolea mafaili, inakuonyesha majina yasiyo na kichwa, ?UH9006A, inakuuliza herufi ya kwanza ilikuwa ipi. Unaandika M, faili limerudi. Microsoft waliweka UNDELETE ndani ya DOS yenyewe kwenye toleo la 5, mwaka 1991.

Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi ilikuwa shida nyingine. Unawasha, unakuta faili lina baiti sifuri. Unaita CHKDSK B: /F, inakusanya vipande yatima na kuviita FILE0000.CHK. Ukivifungua unaokota maneno yako humo, nusu ya ukurasa hapa, nusu pale.

#5 Fundi wa Mombasa

Shikamoo mama. Uzi mtamu. Naongezea la pwani: adui mkubwa hapa kwetu ni ukungu. Disketi iliyokaa kwenye joto na unyevu huota madoadoa meupe. Kwa ile ya inchi tano na robo, izungushe taratibu kwa kidole kupitia lile tundu la katikati na uangalie kwenye dirisha la kusomea. Ukiona madoa USIIINGIZE. Kichwa cha draivu kitayakomba, kichafuke, kisha kikwaruze disketi nzima zinazofuata. Nimeona boksi zima likiisha hivyo, disketi moja baada ya nyingine, mwenyewe akidhani zote zilikuwa mbovu.

Kichwa husafishwa kwa spiriti safi ya isopropili na pamba isiyoacha nyuzi. Na tusisahau virusi. Brain ya mwaka 1986, iliyotoka Lahore, ilikaa kwenye kipande cha kwanza kabisa cha disketi, cha kuwashia. Ukiisahau disketi kwenye A halafu uwashe mashine, umeshaambukizwa, hata kama disketi haina programu yoyote.

#6 Mleta uzi

Marahaba fundi, asante kwa la ukungu. Zangu zilikaa kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko wa kubana, juu ya kabati, mbali na ukuta. Nadhani ndilo lililozinusuru.

Umenikumbusha kosa langu mwenyewe, nalisema wazi ili mtu asilirudie. Ilipoletwa mashine mpya zaidi, draivu yake ilikuwa ya megabaiti 1.2. Ilisoma disketi zetu za 360 bila tatizo, basi nikawa nahariri huko na kuhifadhi juu ya disketi ileile. Nikirudi kwenye mashine ya zamani, haisomi. Inasoma nusu, inakwama, inaniuliza Abort, Retry, Ignore, yaani niache, nijaribu tena au nipuuze. Nilipoteza mihtasari miwili kabla fundi mmoja hajanieleza. Draivu mpya ina njia 80 badala ya 40, kwa hiyo kichwa chake ni chembamba. Kinapoandika juu ya njia pana ya zamani kinaandika katikati tu, pembeni yanabaki maandishi ya awali. Kichwa kipana cha mashine ya zamani kinasoma yote mawili kwa pamoja, ya leo na ya mwezi uliopita, hakipati maana. Soma kokote, lakini 360 iandike kwenye draivu ya 360.

#7 Mdau wa Tanga

Shikamoo mama. Mimi naomba msaada wa kweli. Baba yangu, marehemu sasa, alikuwa katibu wa chama cha ushirika miaka ya 90. Ameacha boksi la disketi, nyingi za inchi tatu na nusu, chache zile kubwa. Wazee wa chama wanazihitaji kwa sababu ya shamba moja lenye mgogoro, muhtasari wa kikao wanaukumbuka ila karatasi haionekani. Nimenunua draivu ya USB. Niliingiza moja nikaona mafaili, lakini yote tarehe yake ni 1-1-1980! Mwaka huo baba hakuwa hata na kompyuta. Na nikifungua faili naona maneno kama haya: «wajumbå», «kikaï», «baruá». Je, limeharibika?

#8 Mleta uzi

Marahaba mwanangu, pole sana na msiba. Halijaharibika. Kaa utulie, nakueleza yote mawili.

Tarehe: mashine nyingi za wakati ule hazikuwa na betri ya saa. Kila ukiwasha zinauliza tarehe, na mtu mwenye haraka anabonyeza Enter tu. DOS ikikosa tarehe inaanza 1 Januari 1980, ndiyo siku yake ya kwanza ya kuhesabu. Baba yako hakuwa mzembe, nusu ya ofisi za Dar zilifanya hivyo. Ila kwa sababu hiyo usitegemee tarehe ya faili hata kidogo. Fungua usome tarehe ndani ya muhtasari wenyewe.

Maneno: hiyo ni WordStar. Ilikuwa inaweka alama yake juu ya herufi ya mwisho ya neno, inaongeza 128 kwenye namba ya herufi. Kiswahili chetu maneno huishia irabu, ndiyo maana irabu za mwisho ndizo zimevaa kofia: á ni a, å ni e, é ni i, ï ni o, õ ni u. Wajumbe, kikao, barua. Ukishajua unaweza kusoma hata bila kulisafisha.

Sasa utaratibu, naomba uufuate kama ulivyo. Kabla ya kuingiza disketi yoyote, fungua kile kidirisha cha pembeni ili isiandikike, maana kompyuta za leo nyingine huandika kitu chao bila kukuuliza. Kompyuta ikikuambia disketi haijafomatiwa na itaifomati, KATAA. Usifungue mafaili kutoka kwenye disketi moja kwa moja. Kwanza toa nakala ya disketi nzima, kisha ufanye kazi kwenye nakala. Hapo namwachia fundi. Na zile kubwa draivu ya USB haiwezi, usihangaike nazo kwa sasa.

#9 Fundi wa Mombasa

Mdau, kama unaye mtu mwenye Linux: ddrescue, programu ya kunakili disketi zenye hitilafu, ndiyo dawa, haikati tamaa kwenye kipande kibovu, inakiruka na kukirudia baadaye. Nakala kamili ya disketi ya megabaiti 1.44 lazima iwe na baiti 1,474,560, ile ya kilobaiti 720 baiti 737,280. Ikipungua haijakamilika. Kusafisha WordStar ni mstari mmoja:

LC_ALL=C tr '\200-\377' '\000-\177' < MUHTASAR > muhtasari.txt

Kubwa za inchi tano na robo zinataka draivu yake halisi na kibao cha kuiunganisha na kompyuta ya leo, kama Greaseweazle. Ninacho, ukifika Mombasa karibu, sichukui pesa kwa kazi ya wazee.

#10 Mdau wa Tanga

Nimerudi. Tumefanya kama mlivyosema, na mwalimu mmoja wa hapa mwenye Linux. Disketi 14 kati ya 16 zimetoka kamili. Kuna mihtasari 40 na zaidi, nimeisoma usiku kucha, naisikia sauti ya baba kwenye «Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika licha ya mvua». Lakini kikao cha shamba hakimo. Mbili zilizobaki, moja imeota ukungu, nyingine inakwama katikati. Hiyo inayokwama imeandikwa kwa mkono wake: «Mihtasari, mashamba, nakala ya 2».

#11 Mleta uzi

Mwanangu, hongera sana. Sasa hiyo inayokwama usiirudie tena, kila ukiisukuma unaikwaruza. Itie kwenye bahasha yake, na ile yenye ukungu uiweke mbali nayo kabisa. Zote mbili zisubiri fundi.

Halafu soma tena lebo. Kama ipo nakala ya 2, ipo na ya 1. Baba yako alikuwa anapanga kama sisi, na sisi tulifundishwa kwamba ya 1 na ya 2 hazilali nyumba moja. Usiitafute kwenye boksi lake. Nenda ofisi ya chama, uliza kasha la fedha la zamani au kabati la leja. Kama mweka hazina wa wakati ule yupo hai, mwulize mama wa nyumba yake kabla hujamwuliza yeye. Kwetu disketi za babu zilipokosekana kwenye sefu tulizikuta kwenye sanduku la vyombo.

#12 Mdau wa Tanga

Mweka hazina yupo, yuko Muheza. Nakwenda kesho asubuhi.